Maji Niliyokuongezea, Abba

Abba wangu,

Leo ni siku ya kumi na moja tangu uende upande wa Kinna kumleta Akko, mamako, na karai yako ya kulowekea miguu bado iko pale mlangoni. Mama hataki iguswe. Naandika kwa sababu nisipoandika nitazunguka boma mpaka anifokee tena.

Ukitoka mnadani alasiri nilikuwa nachemsha maji, natia chumvi, nayapoza kidogo, najaribu kwa kiwiko. Ukitumbukiza miguu ulikuwa unavuta hewa kwa meno. Mimi natazama joto likikupanda. Vidole vilijikunjua kwanza, mishipa ya mguu ikatokeza, halafu mabega yakashuka na kunyanzi lile la kati ya macho likapotea. Mtu aliyebishana na madalali siku nzima anasinzia kama mtoto aliyeshiba! Hata siku askari walipokuweka juani barabarani wakikuuliza unatoka wapi, ulisinzia miguu ikiwa ndani ya maji yale.

Lakini ulikuwa na sharti moja. "Mtu ya safari haloweki mguu," uliniambia. "Ngozi ikilainika, mwiba inaingia tu."

Jioni ile kabla ya safari nililivunja. Magari hayapiti siku hizi, ungetembea siku kadhaa, na dukani nilisikia wanaume wakinong'ona habari za risasi. Nikakuletea karai. "Kidogo tu, Abba." Ukafumba macho. Nikaongeza maji moto mara ya pili, mara ya tatu, mpaka nyayo zikawa nyeupe, zimejikunja. Nilidhani asubuhi utaona haziwezi safari, ubaki. Ulivaa akala zako za tairi ukaenda.

Tangu hapo nahesabu siku. Nawaza miiba imekuchoma. Nawaza mtu anakuamuru ukimbie na huwezi, na mimi ndiye nimekulainisha. Jana nilishindwa, nikamwambia Mama kila kitu na kungoja kofi. Akakaa chini polepole.

"Babako hakuwa amelala," akasema. "Ulipofuata maji nilimwambia atoe mguu. Akasema, wacha aongeze, hata mimi sitaki kuenda."

Nimelia mpaka kichwa kikauma. Kumbe uliogopa kama mimi, ukaenda kwa sababu Akko yuko peke yake. Nilifikiri nikisema yote nitapata nafuu, lakini naogopa zaidi ya jana.

Asubuhi hii nimeisugua karai kwa majivu na Mama akaniacha. Baadaye nikamkuta ameweka sufuria motoni, akajaribu maji kwa kiwiko chake, akayaacha yapoe. Kesho tutayapasha tena. Njoo hata ukichechemea, hata ukikasirika. Akko atatangulia kuloweka, wewe utafuata, na safari hii ukisinzia nitakuamsha.

Ni mimi binti yako, yule wa kuongeza maji.