Siku Nne Mnarani

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimetoka zamu ya usiku wodini asubuhi, miguu imevimba. Lakini nimelipia! Siku nne kwenye nyumba ya mnara wa taa, kisiwa kidogo huko Norwe. Hakuna duka, hakuna jirani. Boti inakushusha na kurudi siku ya nne. Mwenye nyumba anasema siku hizi taa inajiwasha yenyewe, haihitaji mtu. Basi mimi nayo tutaelewana. Tangu tumzike Mama mwezi wa pili — tumzike! mimi nilitazama kwenye simu huku ughaibuni, nikiwa break kazini — sijalia hata kidogo. Nataka kulia pahali hakuna wa kuniambia pole.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Shiro. Tunafanya kazi wodi moja, mdomo wake naujua. Kosa ni langu.

Jumapili, 11 Mei

Kikundi chetu cha maombi hapa Barking kimeunda kamati. Kamati! Mama Eddie, mwenyekiti, kasema mfiwa haachwi peke yake, tena katikati ya bahari. Wamejiandikisha kumi na mmoja. Wanauliza kama huko mnarani kuna jiko la kutosha. Nilitaka kukataa. Nikasema asanteni. Mjinga mimi.

Alhamisi, 22 Mei

Visa za kamati zimegoma. Miadi ya visa iliyobaki ni ya Julai, na safari ni wiki ijayo. Mama Eddie amenipigia karibu alie, eti wameniangusha. Nikampa pole mimi! Wenye pasipoti za hapa, wasiohitaji visa, ni mimi na Shiro tu, na Shiro hajasema kitu. Shiro, kunyamaza? Naomba apangiwe shifti. Mungu anisamehe.

Jumanne, 27 Mei

Uwanja wa ndege wa Stansted, getini. Peke yangu, hatimaye. Nimefungua picha ya Mama, ile ya kitenge cha kijani. Nimengoja. Wapi! Machozi yamekwama palepale.

Shiro amepiga simu. Yuko sekyuriti, wamemsimamisha kwa sababu ya unga. Kilo nne za unga wa ugali, na sufuria! Nikamwuliza nani alimwambia aje. Akasema, kwani ulidhani utalia na nani?

Nimeanza kulia hapa hapa, kamasi na yote, watu wananipisha.

Wameita mara ya mwisho. Naandika nimesimama, begi langu liko katikati ya mlango. Dada wa geti anasema niingie au nitoke. Nimemwambia angoje kidogo, mtu wangu anakuja, ana mzigo —