Mwingereza wa Ngome ya Cefn Mawn

Jumatatu, 19 Agosti

Wamenifanya Mwingereza tena! Tulikutana ukumbini kugawana nafasi za Siku ya Kuzingirwa, tunapoigiza vita vya ngome yetu. Gethin, mwenyekiti wetu, hakuinua hata macho. Yeye mwana wa mfalme, kama kawaida. Kijiji kizima jeshi la Wawelisi, yaani watu wa kwetu. Mimi kamanda wa Waingereza, ndani ya ngome. Kosa langu? Mama alijifungulia hospitali ya ng'ambo ya mpaka, na akaliropoka hilo harusini kwangu. Nilikaa Uingereza siku chache tu — tena nimelala!

Nikamwambia Gethin mwaka huu nataka kupigana upande wa kwetu. Akasema sheria ni sheria, aliyezaliwa kule ni wa kule. Watu wakacheka. Roho iliniuma kwelikweli.

Alhamisi, 22 Agosti

Mazoezi. Historia ni ile ile. Mababu zetu waliijenga ngome, Waingereza wakaipora, mababu wakaizingira mpaka njaa ikawatoa wale waporaji. Kwa hiyo saa tisa alasiri natakiwa nitoke nikilia, nipige magoti topeni, Gethin aniwekee buti begani. Kila mwaka! Na buti lenyewe ndilo analoingilia zizini.

Waingereza wenzangu wa mwaka jana wametoroka. Huw alisema mgongo unamuuma. Leo nimemwona kwenye jeshi la Gethin, kabeba ngazi.

Lowri, mke wangu, anasema nisusie. Nisusie? Watasema Mwingereza kakimbia.

Jumamosi, 24 Agosti. Mnarani

Naandikia gotini, mvua inanyesha. Saa tisa imepita na sijajisalimisha! Nimelikomea lango. Ninao mkate wa zabibu mzima, chupa ya chai na ndoo ya uji. Njaa wataijua wao.

Walipoleta gogo la kubomolea, nikawamwagia uji, baridi kama barafu. Gethin ulimwingia masikioni.

"Idwal, toka bwana! Unaharibu historia!"

"Sema mbele ya watu kwamba mimi ni Mwelisi, nifungue."

"Siwezi kusema uongo nimevaa taji!"

Hapo Mama akainuka kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli mkononi. "We Gethin! Unamsema mwanangu? Mama yako alilala kitanda cha pembeni yangu, kule kule ng'ambo! Ulitunyima usingizi wodi nzima kwa makelele yako!"

Kisha akaligeukia jeshi. "Wodi ya wazazi ya bondeni kwetu si ilifungwa miaka hamsini sasa? Sasa ninyi wenye chini ya miaka hamsini, nani hakuzaliwa ng'ambo? Sheria ni sheria! Ingieni kwa kamanda wenu!"

Wakatazamana. Wa kwanza Huw, na ngazi yake. Nikamfungulia. Akafuata dada yake, wakafuata wapiga tarumbeta, kisha kwaya nzima! Ngome imejaa, mkate umekwisha, wanaimba wimbo wa taifa — wa kwetu, kwa sauti zote nne. Machozi yamenitoka na sijali.

Katika jeshi lote la nje kabaki Gethin peke yake. Nimelikomea tena lango. Anagonga.

"Idwal, ndugu yangu, nimelowa. Na mimi si mmoja wenu?"

Nimemwambia aseme kwanza, kwa sauti, mimi ni nani. Kwaya imenyamaza, wote wamechungulia madirishani. Bado anafikiri. Huw, ndoo mkononi, ananiuliza kama uji umebaki —