Baridi ya Kutengeneza

Jumanne, 3 Disemba

Mapazia mekundu yameshuka. Vumbi la miaka. Nimepiga chafya asubuhi nzima. Fundi wa rangi kamaliza chumba cha mbele, cheupe pe. Hata swichi kazipaka, mjinga yule.

Eda yangu imekwisha wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii ya Ansab, hapa Maskati, nikitazama kuta zile zile. Sasa nnatoka, nnanunua, nnabeba. Nnajihisi mwepesi, na nnaona haya kujihisi hivyo.

Raya anakuja tarehe 19. Mwanangu wa pekee, miaka miwili hajatia mguu hapa. Anasoma kaskazini ya Norwe, mahali ambapo Disemba jua halichomozi kabisa. Mwezi wa sita anamaliza, na washampa kazi huko huko. Kaikubali? "Tutazungumza nikija, Mama." Basi, hilo tu, na mie moyo hautulii.

Kila picha anayoleta ni mishumaa, mablanketi ya sufu, vitaa vidogo vya manjano. Wana neno lao kule, kusheli. Ati ni kukaa ndani kwa raha, kwenye joto, na watu wako, nje kiza na theluji. Basi nimeamua. Akiikuta kusheli hapa hapa kwao, atarudi kule kufata nini?

Ijumaa, 6 Disemba

Kochi jipya limeletwa, rangi ya majivu. Zulia jeupe la manyoya, mtu ataona haya kulikanyaga. Vya zamani vyote vimetoka. Wanjiru, Mkenya anayenisaidia kazi za nyumbani, ana rafiki yake wa kanisani kahamia Mawaleh na nyumba yake tupu. Kaja na pikapu.

Walipofika kwenye kiti cha Baba Raya, Wanjiru akasita. "Mama, na hii kiti ya Mzee pia?" Nikamwambia hicho ndicho cha mwanzo kutoka.

Kiti cha kahawia. Mgongoni kimefanya weusi kwa mafuta ya nazi ya kichwa chake. Mkono wa kulia una alama za finjani za kahawa, duara juu ya duara. Miaka ishirini na mbili nnamwambia tununue kingine, yeye ananyoosha miguu tu. Wanaume wawili wamekibeba. Sikutoka kutazama.

Jumatatu, 9 Disemba

Tabu moja tu: baridi haipo. Disemba ya Maskati ni raha tupu, watu wako pwani na chupa zao za chai. Mie nikijifunika blanketi la sufu, jasho lanitoka. Nimewasha kiyoyozi nikakishusha mpaka kumi na sita. Hapo sawa.

Bi Zuwena wa nyumba ya pili kapita kunijulia hali. Kanikuta saa kumi alasiri, madirisha nimeyafunga, mishumaa kumi na mbili inawaka. Kwanza kauliza kama umeme umekatika. Nilipomweleza, kacheka mpaka kashika ubavu. "Watu wakimbia baridi, wewe waitengeneza! Haya, nipe basi na mie koti." Nimecheka naye. Alipotoka nikachukia.

Wanjiru anapiga pasi kavaa sweta. Mishumaa ni ya mdalasini. Nyumba yanuka pilau na pilau hakuna.

Jumatano, 18 Disemba

Kesho. Kila kitu tayari. Nimekaa kwenye kochi jipya, nimejaribu upande huu, upande ule, na katikati. Popote sikai vizuri. Nitazoea.

Alhamisi, 19 Disemba

Kakonda. Kanikumbatia uwanja wa ndege akatetemeka mwili mzima, mie nikafikiri ni furaha. Garini kaangalia njia. Anataka kufika tu, kasema.

Nilikuwa nshampigia Wanjiru awashe mishumaa. Tumefungua mlango, nikamwacha atangulie. Kasimama, begi begani. Nikangoja atabasamu. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye pembe ya dirishani.

"Kiti cha Baba kiko wapi?"

Nikamwambia tumebadilisha, mwanangu, tazama, kusheli. Nililisema kabisa neno lao. Nililijutia lingali mdomoni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kaniambia kule anawasha mishumaa kwa sababu ya kiza, na hapa kiza kiko wapi? Kazima kiyoyozi. Kafungua dirisha. Kaenda chumbani kwake akafunga mlango. Sambusa zimepoa mezani, sahani nzima.

Ijumaa, 20 Disemba

Chumba cha mbele hakai. Anakula jikoni na Wanjiru, wamesimama. Nnawasikia wakizungumza. Nikiingia, wanaosha sahani.

Wanjiru ndiye aliyenieleza, si mwanangu. Alingoja Raya aingie kuoga. Mtoto hakuwahi maziko. Hakuwahi khitma. Kakaa miezi mitano ugenini akingoja kitu kimoja: aje akae kwenye kile kiti, amlie baba yake. Kakata tiketi kwa ajili hiyo. Na mie nikadhani amekuja kupima kama nyumba yetu inafaa.

Nimejifungia chooni nikalia na bomba nimelifungua. Nilimwita fundi wa rangi mjinga. Mjinga mie.

Jumapili, 22 Disemba

Tumekwenda Mawaleh, mie, Raya na Wanjiru. Rafiki yake Wanjiru, aliyechukua kiti, ni muuguzi, mchangamfu, katupokea kwa mikono miwili. Karibuni, karibuni sana, ingieni.

Kiti nimekiona kabla sijavua viatu. Kina kitambaa cha buluu. Sponji mpya. Hata mikono imevalishwa upya. Yeye anajivunia, masikini: "Nilipelekea fundi, ikatoka poa kabisa!" Wanjiru kamvuta pembeni, kamnong'oneza. Yule mama kashika mdomo. Chukueni, jameni, chukueni, ni yenu.

Raya kasema hapana, dada, ni chako. Kaomba akae tu kidogo. Kakaa. Kaupitisha mkono juu ya mkono wa kulia wa kiti, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kitambaa kipya. Hakuna alama hata moja. Tumeletewa chai ya maziwa ya tangawizi, tukanywa mpaka vikombe vikaisha.

Njiani kaniambia, "Si chenyewe, Mama." Kwa upole. Upole wake umeniuma kuliko matusi.

Jumatatu, 23 Disemba

Leo kalitoa la moyoni. Nilikuwa nakata vitunguu, yeye mlangoni.

"Uliniambia nisije."

Kweli. Asubuhi ile ya mwezi wa saba alinipigia analia, anatafuta tiketi. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Angetoka asingeweza kuingia tena. Nikamwambia usije, baba yako anazikwa leo leo baada ya Alasiri, hutomuwahi hata ukiruka sasa hivi. Kaa usome. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtoto aliyefiwa. Nikajiona mama mwenye akili.

Nimemwomba radhi, kisu kingali mkononi. Kasema, "Haya." Haya si nimekusamehe. Nnamjua mwanangu.

Kuna jambo sikumwambia. Kile kiti sikukitoa kwa ajili yake. Nilikuwa siwezi kukitazama. Eda nzima nimekaa mbele yake, mie na kiti, kila asubuhi nnamwona Baba Raya hayupo. Nilitaka kitoke. Hayo ya kusheli niliyaleta baadaye, kisingizio kizuri. Nimemsingizia mwanangu, na kosa la kwangu.

Ijumaa, 27 Disemba

Kaniomba kitu chochote cha baba yake ambacho hakijafuliwa. Kanzu, leso, hata fulana ya ndani. Anataka harufu yake.

Tumefungua kabati pamoja. Vyote nilivifua wiki ile ile ya msiba. Nusu nimetoa sadaka. Vilivyobaki vimepigwa pasi, vinanuka sabuni. Watu wote walinisifu wakati ule, mashaallah, mama huyu ana nguvu. Nguvu gani? Haraka tu.

Raya kanusa kofia moja moja, zote saba. Kisha kazirudisha zilivyokuwa, kubwa chini, ndogo juu. Kanambia ahsante. Ahsante ya nini, mwanangu?

Jumamosi, 28 Disemba

Tumekula pamoja jikoni. Mchuzi wa papa. Kaongeza mara mbili. Nimefurahi kupita kiasi, kisha nimeogopa.

Jumatano, 1 Januari

Ameondoka. Ile kazi kaikubali. Kaniambia garini, uwanja wa ndege ushaonekana, ili nisipate muda wa kumbembeleza. Atakuja kila mwaka, inshaallah. Nikasema inshaallah. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyashughulikia wiki nzima, na yote yalikuwa ya kumzuia. Nikayameza. Ningeanzia wapi kumzuia, mie niliyemwambia asije?

Kanibusu mkono, kisha kichwa. Nilimtazama mpaka kwenye ukaguzi. Hakugeuka. Au kageuka wakati mie nafuta macho, sijui.

Ijumaa, 3 Januari

Bi Zuwena kaja. Sikumfungulia. Nilikuwa nimelala na nguo zangu za kutokea, mchana kweupe. Wanjiru kamwambia naumwa na kichwa.

Jumapili, 5 Januari

Wanjiru yuko kanisani kwao tangu asubuhi. Nimempigia Raya kwa video, saa tisa kwangu, saa sita mchana kwake. Dirisha nyuma yake lina kiza cha buluu, kama magharibi.

Nimemwambia. Kwamba sikukitoa kiti kwa ajili yake. Kwamba nilikuwa namkimbia baba yake, na nikamwekea yeye mzigo. Nimelisema lote bila kupamba.

Kisha kauliza, "Umekula, Mama?"

Nikasema nimekula.

"Na nani?"

Nikalitazama kochi tupu. Kasema ningoje. Nikamsikia kafungua kabati, sahani, kijiko. Karudi, kaisimamisha simu kwenye kitu, kakaa. Mie nikaenda jikoni nikapakua wali wa jana. Tukala pamoja. Kila nikiinua macho namkuta anatafuna.