Beta na Mwenzake

Gwantwa mjukuu wangu,

Bodaboda ananipigia honi, naenda Saza. Ugali uko kwenye hotpoti.

Asubuhi nilimnunulia beta, yule samaki wako, dume mwenzake, maana ulisema anaonekana mpweke. Nikadhani ni kama madume ya ng'ombe kule Msangano: yanapigana kidogo, yanaheshimiana, yanakula pamoja. Hawa wako hawana adabu hata chembe, na kwenye tangi dogo hakuna pa kukimbilia. Usimwekee dume mwingine, wala samaki wa mikia mirefu ya kung'aa. Konokono aliyemo tangini anamtosha.

~~Kosa lako, uliniachia mimi nyumba.~~ Kosa langu.

Mgeni amekufa, nimemfukia kwenye mchicha. Beta yu hai, pezi limechanika. Konokono anakula tu.

Babu