Brashi Laini na Shavu la Baba

Shangazi Ersilia mpendwa,

Nakuomba msaada, na nakuomba usinicheke mpaka umalize kusoma, maana ukilisikia kwa mbali jambo lenyewe ni dogo, ni brashi ya kunyolea ndevu, lakini limeniharibia nyumba, na sasa baba yangu mzazi hataki nimguse uso, na mimi mwanamume mzima mwenye mvi nimejifungia jikoni nakuandikia wewe, ambaye mke wangu Nunzia hukusoma gazetini kila Alhamisi na kusema una mdomo mkali lakini huna ubaya.

Baba alikuwa mwoka mikate hapa Altamura, na kwa waoka mikate wa zamani ndevu ni aibu, alizoea kusema mteja akikuta unywele ndani ya mkate hatauliza umetoka kichwani au kidevuni, atahama duka tu, basi kila siku alijinyoa kabla ya kuwasha tanuri, na tanuri hakulipima kwa kipimo chochote ila kwa shavu, anasogeza uso mlangoni, anatulia kidogo, kisha anasema "bado" au "tia". Brashi yake ilikuwa moja tangu alipofungua duka, ya manyoya ya nguruwe kama za vinyozi wote wa huku, mpini wa mti umepasuka akaufunga kwa uzi. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Akili haikuguswa na ulimi wake bado una makali, ingawa maneno yanamtoka polepole, lakini mkono wa kushoto umelala, na kwa mkono mmoja huwezi kuvuta ngozi na kushika wembe kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikawa namnyoa mimi.

Lazima nikwambie kwamba mimi na baba hatukuwahi kupatana, Shangazi. Nililikataa tanuri lake nikaenda kufanya kazi ofisi ya maji, naye tangu siku hiyo jina langu likawa Karani, na miaka mingi tukawa tunasalimiana kama majirani waliogombania mpaka. Lakini huwezi kumnyoa mtu huku umempa mgongo. Nikawa naloweka ile brashi ya nguruwe kwenye maji ya moto, naizungusha juu ya sabuni mpaka povu linakuwa zito kama ute wa yai uliopigwa, nampaka, naye anafumba macho, na kila asubuhi nikifika shavu la kushoto ananiambia:

"We Karani, unanikwaruza! Unasugua sufuria hapo?"

"Samahani, baba."

"Samahani, samahani. Mikono ya kugonga mihuri hiyo."

Na hapo hapo anazidi kuusogeza uso kwenye brashi, mimi nikidhani anataka nimalize upesi. Nilizipenda asubuhi zile, sijui kama nilimwambia mtu. Nikasema moyoni, huyu mzee namkwaruza kila siku na bado ananipa shavu, hebu na mimi nimfanyie jambo, nimtafutie brashi ya pili, iliyo bora kuliko hii. Nikaanza kusoma habari za brashi, urefu wa manyoya, unene wa fundo la manyoya yenyewe, mpini wa pembe au wa mti, ipi inabeba maji na ipi inayamwaga, mpaka Nunzia akaniambia, "Wanaume wengine wakifika umri wako hutafuta wasichana. Wangu anatafuta manyoya!"

Nikaenda Bari, kwenye duka la mtu anayeziongelea brashi kama wengine wanavyoongelea mvinyo. Akaniambia, "Nguruwe ni wa kuanzia, bwana mkubwa. Ana nguvu, sikatai, lakini anachoma. Kwa ngozi ya mzee, panda ngazi. Chukua nyegere." Akailowesha moja ya manyoya ya nyegere, akanipitishia shavuni. Shangazi, sikusikia kitu ila joto. Nikainunua papo hapo, na ile ya nguruwe nikaitia kwenye sanduku la viatu, nikawa napakia viatu rangi nyeusi, nikajiona mtu asiyetupa vitu ovyo.

Asubuhi ya kwanza nilimpaka povu uso mzima, amefumba macho kama kawaida, nikaweka brashi chini ili nichukue wembe, naye akauliza:

"Utaanza leo au tungoje Pasaka?"

Nikacheka, nikadhani ananitania. "Nimeshamaliza kupaka, baba."

Akafumbua macho, akajitazama kwenye kioo. Tangu siku hiyo hakufumba macho tena, akawa ananitazama kwenye kioo mwanzo hadi mwisho, na neno "unanikwaruza" likatoweka kabisa. Nikamwambia Nunzia kwa furaha, "Umeona? Halalamiki tena." Akanijibu, "Ndiyo maana napata wasiwasi. Baba yako akinyamaza, kuna kitu kinaungua."

Sasa Jumapili moja povu lilikuwa jingi mno, wembe ukateleza, nikamkata chini ya shavu la kushoto. Hakikuwa kidonda kikubwa ila damu ilishuka mpaka kwenye ukosi, naye wakati huo ananisimulia habari za unga wa siku hizi jinsi usivyo na nguvu, na akaendelea kusimulia. Nikabonyeza jiwe la shabu la kuzuia damu juu ya kidonda, lile linalomfanya hata askari aruke, hakuruka. Ndipo akaiona taulo ya shingoni, ina damu. Akanyamaza katikati ya neno. Akajigusa shavu kwa mkono wa kulia, akatazama vidole vyake, muda mrefu, kisha akaichukua ile brashi mpya na kuivurumisha ukutani.

"Ondoa takataka hii! Na usiniguse tena. Nipeleke kwa masista wa nyumba ya wazee, wao watanifuga."

Nimemwomba msamaha kwa kumkata, ananiambia, "Kukatwa kitu gani, Karani? Nimekatwa na wembe tangu hujazaliwa." Lakini kunyolewa hataki. Ndevu nyeupe zimemjaa, haketi tena dirishani ambapo wenzake hupita wakienda uwanjani, na mtu akija kumwona anajifunika leso mdomoni. Hata kahawa imekuwa ugomvi, inamchuruzika pembeni mwa mdomo upande ule ule, halafu analaumu kikombe.

Nikampigia simu yule muuza brashi, akasema kosa langu nilifanya ubahili, ipo ya daraja la juu zaidi, yenye ncha nyeupe, laini kuliko zote, mzee hatasikia chochote. Dada yangu aliye Torino anasema tumpeleke kwa masista kama alivyotaka mwenyewe, chumba kipo wazi na wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nishauri, Shangazi. Ninunue ile yenye ncha nyeupe nimwombe nayo msamaha, au niheshimu neno lake nimpeleke? Usiku silali. Nimempata baba uzeeni, na sasa naona namrudisha nilikomtoa.

Mimi, Karani wa Altamura

*

Karani wangu,

Sikukucheka. Nilicheka mahali pamoja tu, pale Nunzia aliposema habari za manyoya, na umpe salamu zangu. Sasa kaa vizuri nikukemee.

Umemuuliza muuza brashi. Umeongea na mkeo na dada yako, na sasa umeniuliza mimi, mwanamke ambaye sijashika wembe wa ndevu maishani. Mwenye shavu hujamuuliza. Brashi ya baba yako uliijaribu kwenye uso wako, ukapima raha yake kwa ngozi yako. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulikwenda kumnunulia mwenzio godoro.

Hebu isome upya barua yako, maana jibu umeliandika mwenyewe. Umemaliza kumpaka povu, anakuuliza utaanza lini. Unamkata, anaendelea na habari za unga. Shabu haimchomi, na kahawa inamtoka bila yeye kujua. Baba yako hakuwa akikutania, mwanangu. Shavu lile limekufa ganzi. Kama umewahi kung'olewa jino unajua hali yenyewe: mdomo unauona kwenye kioo, ni wako, lakini ukiugusa ni kama umegusa wa jirani. Kwako ilikwisha kabla ya chakula cha jioni. Yeye anaishi nayo mwaka sasa, na hajamwambia mtu.

Ile brashi ya nguruwe uliyoidharau ndiyo pekee iliyokuwa ikibisha hodi kwa nguvu ya kutosha asikie. Ndiyo maana alikuwa anausogeza uso. Uliyasikia maneno, uso hukuuangalia. Mtu anayekwaruzwa kweli hurudi nyuma, Karani! Yule mzee alipima tanuri kwa shavu maisha yake yote, na kila asubuhi ulipomsugua alikuwa anapata habari kwamba nusu ya uso wake bado ipo. Kisha ukamletea kitu laini sana, ukaizima hodi, na ukafurahi kwamba amenyamaza.

Na ile hasira ya Jumapili usiichukue kuwa ya kidonda. Aliona damu yake kwenye taulo kabla hajaisikia. Siri aliyokuwa anakuficha ilimtoka mbele yako, na mbele yake mwenyewe. Hapo hata mimi ningerusha kitu.

Basi fanya hivi. Kwanza nenda kwa daktari wake umweleze shavu, kahawa na kidonda, kwa sababu mtu asiyesikia shavu lake anaweza kujiunguza kwa supu au kujing'ata ndani bila kujua, na hayo si mambo ya gazeti. Siku utakaposhika wembe tena, macho yako yawe kwenye ngozi upande ule, maana yeye hawezi kukuonya.

Ile yenye ncha nyeupe usiinunue. Muuzaji hakukudanganya, alikuambia ukweli mtupu kwamba mzee hatasikia chochote, na hiyo ndiyo dhambi ya brashi ile. Ya nyegere kaa nayo wewe. Umeipenda, sioni aibu, nyolea ndevu zako.

Brashi ya pili ya baba yako itakuwa ya nguruwe, ya kawaida, manyoya mafupi na magumu, zile wanazonunua vinyozi. Ikiwa mpya itakuwa kali kuliko ile ya zamani, na siku za mwanzo itanuka zizi. Ioshe kwa sabuni, harufu itaondoka. Usisubiri ilainike. Ila usiende kuinunua peke yako. Mtie mzee kwenye gari, ndevu zake na leso yake, mpeleke dukani, na umwache azijaribu mwenyewe kwa mkono wa kulia kwenye shavu la kushoto. Atazijaribu nyingi, ataichosha subira ya mwenye duka, na wewe utasimama kando kimya. Ikifika ile anayoisikia, utaiona usoni mwake kabla hajasema.

Akikataa kwenda? Atakataa mara ya kwanza, mimi nawajua waoka mikate, baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Usimwambie, "Baba, najua shavu lako halisikii." Utamvua nguo. Mwambie hivi tu: "Baba, brashi nilichagua mimi, nikakosea. Twende ukachague wewe." Na habari ya ile ya zamani kuwa kwenye sanduku la viatu, mweleze mwenyewe kabla hajaikuta. Atakutukana. Yapokee matusi yote, ni stahili yako, brashi ya mzee wa watu unapakia rangi ya viatu! Lakini mtu anayekutukana vizuri hajakuacha.

Masista ni watu wema na sina neno nao, ila usiwape jibu mwezi huu. Baba yako hakusema anataka kwenda kwao. Alisema hataki uione aibu yake. Wewe umechanganya hayo mawili kwa sababu uliogopa, na dada yako ameyachanganya kwa sababu yuko mbali. Hiyo habari ya ganzi atakwambia mwenyewe siku moja, pengine akiwa na povu mdomoni, kwa sauti ya kupuuza, kana kwamba anazungumzia bei ya chumvi. Usisimamishe mkono wako. Sema "ndiyo, baba," na uendelee.

Mkirudi nyumbani, anza na shavu la kushoto na ukae hapo muda mrefu kuliko inavyohitaji povu. Na asubuhi atakapofumba macho tena na kukwambia, "We Karani, unanikwaruza," nakuomba kwa yote unayoyapenda, usiseme samahani.

Shangazi Ersilia