Nimetoka Kwa Gurupu ya Wakwe Bila Kujua

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijagusa kitu kingine,

Mimi ni mama wa hapa Kamenu, Thika, shule niliachia darasa la tano kwa hivyo usicheke mwandiko, na nimeandika kwa karatasi kwa sababu mimi na simu tumekosana. Binti yangu Shiko anachumbiwa na kijana wa Ruiru anaitwa Kiama, mtoto wa heshima, na ruracio, ile siku wanaleta mahari, ni wiki tatu zijazo, sasa familia zote mbili zikawekwa kwa gurupu moja ya simu ya kupanga, na kazi yangu mimi ilikuwa kuweka tu kile kidole gumba cha kusema sawa, hicho nilikuwa nimekijua vizuri. Lakini Jumapili nikitoka kanisani nikapata simu imejibadilisha yenyewe, rangi mpya, vitufe vimehama kama wapangaji, pale kidole gumba kilikuwa hakiko, nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, ikaniuliza kitu kwa Kizungu, nikaitikia ndiyo kwa heshima, kumbe nimekubali kutoka! Ikaandikwa kila mtu aone: Mama Shiko ametoka. Na ni pale tu baada ya baba yake Kiama, Mzee Ndegwa, kuuliza kama mbuzi zake zitatosha.

Woi! Shiko akanipigia analia, "Mum, huko Ruiru wanasema umekataa mbuzi! Usiguse kitu, tafadhali, hata chaja!" Mimi nikaona heri nimpigie mzee mwenyewe nimweleze, kumbe nimepiga ile ya vidio, na nilikuwa naosha vikombe dazeni nne za kanisa, nilizoazima za kupokea wakwe siku ya ruracio, kitambaa kichwani, povu mpaka masikio, mara uso wa mkwe huu hapa, na kwetu mkwe hakuoni hivi hivi. Nikapiga nduru, nikatupa simu kwa karai. Jioni Shiko akaja, akasema niiweke kwa mchele ikauke, lakini mchele ni wa wageni, nikaiweka kwa unga wa ugali. Sasa imenyamaza, na kila nikipita jikoni naiogopa. Hizi vitu zinabadilika mbio sana, jana nimejifunza, leo imekuwa ingine. Kweli mtoto wangu atakosa bwana kwa sababu ya kidole changu?

Mama Shiko, Kamenu

Mama Shiko,

Pole sana, na uache kulia juu ya karatasi, jina la Mzee Ndegwa nimelisoma kwa kubahatisha. Kidole chako hakina hatia. Hata mimi simu yangu ikijibadilisha natafuta kamera wiki nzima. Lakini kuitikia ndiyo kwa swali hujaelewa, hapo nakugombeza! Simu si mgeni, haihitaji heshima. Usipoelewa, weka chini, ita jirani. Na unga, mama! Toa simu humo, ipeleke kwa fundi, na huo unga usimpikie mtu.

Sasa sikia. Hili halitengenezwi kwa simu. Kesho jifunge leso, chukua dada yako, kwa sababu mama wa bibi arusi haendi peke yake, bebeni ndizi, mkaketi na mama yake Kiama huko Ruiru. Sema wazi: mbuzi sijakataa, nilibonyeza vibaya. Watacheka, nawe cheka. Halafu Kiama mwenyewe akurudishe kwa gurupu mbele ya wote, na akuonyeshe kidole gumba kimehamia wapi.

Wakikataa kuamini, shahidi unaye: Mzee Ndegwa. Muulize aliona nini kabla simu haijazama. Mama anayekataa wakwe haoshi vikombe arobaini na nane.