Milango Yetu Haibandikwi

Jumatatu, 10 Juni
Gari limerudi jana na wageni. Nimebandua stika za sumaku nioshe milango. Chini yake, jina letu limefifia kama kovu. Kila safari ni vilevile. Kampuni kubwa ya mtaa wa Nakasero hutupatia wageni, meneja wake anafunika jina letu kwa lake. Kijana wa hapahapa, tai shingoni, ananiita “dada”. Gari ni la familia zinazopakana na mbuga, kwetu kaskazini. Kambi ni yao, pori ni lao. Mimi ni ofisi yao ya mjini, Kansanga: meza na simu. Nimechoka kufichwa.

Jumanne, 11 Juni
Nimempigia meneja. Nimemwambia stika basi. Amecheka, akasema: bila stika, hakuna wageni msimu huu.
Naogopa, nisijidanganye. Wawindaji wetu waliacha kuwinda kwa sababu ya wageni. Wageni wakikauka, mitego itarudi porini. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa anayepona ni mwenye stika.

Jumatano, 12 Juni
Chini ya meza yangu kuna gunia la mitego waliyosalimisha wawindaji. Imefuliwa kwa springi za malori mabovu, ina meno. Leo nimeipeleka kwa fundi chuma, Katwe. Nataka herufi za chuma, nene, zichomelewe milango yote miwili ya mbele: WENYEJI. Stika haikai juu ya matuta.
Fundi akagonga mlango kwa kidole. “Nyabo, hii mulango ni laini. Moto itatoboa.”
Basi ribiti, misumari ya kubana bila moto. Akapiga mpaka jioni. Chuma cha gari kimerudi kwenye gari.

Ijumaa, 14 Juni
Nakasero, asubuhi, kuchukua wageni waliokwisha kupangwa. Meneja alijaribu kubandika. Stika ikaning’inia, ikaanguka vumbini mbele ya wageni. Akaita gari jingine. Nilicheka sana, kisha nikalia nyuma ya usukani. Nikawaambia wa nyumbani kwa simu. Wakasema herufi zibaki.

Jumapili, 16 Juni
Meneja ameandika: ng’oa hizo herufi, nikurudishie msimu wote. Akae na stika zake.
Mchana amekuja Mama Furaha, jirani yangu Mkongomani, muuza vitenge. Ameuona mlango. Kwaya yao inataka kwenda mbugani.
“Pori tulipita mbio, tukikimbia vita, dada. Sasa tunataka kupita pole pole.”
Watalipa kidogo. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, 29 Juni
Kwaya imerudi, sauti zimewakauka kwa kuimba. Okot, dereva wetu, anasema waliongozwa na mwindaji wa zamani. Kabla ya kuwapeleka kwa tembo, mzee aliipapasa herufi ya J muda mrefu. Aliutambua mtego wake. Kwaya nyingine imeshauliza.
Nimeosha gari mwenyewe. Udongo mwekundu wa nyumbani umekwama kwenye kona za herufi. Nimeuacha humo.